Mkate wa nyama ya ng'ombe wa kuchovya kwenye mchuzi: nani anajua kuupika kuanzia mwanzo, kwa makala (makaa)?

Malewa ya Katindo (Goma)

Jambo yenu wapishi wa Goma, Bukavu na kwingineko. Ninauza chakula cha mchana hapa Katindo, kwenye malewa yangu (kibanda cha chakula): bugali na sombe, wali na maharagi, nyama ya kuchoma, na samaki siku akipatikana Kituku kwa bei ya kueleweka. Kuna mteja wangu, kaka mmoja aliyeishi Marekani, kila akimaliza kula ananisimulia mkate mmoja wa Los Angeles, uitwao French dip. Nyama ya ng'ombe imechomwa nzima, imekatwa nyembamba sana, imerundikwa ndani ya mkate wenye ganda gumu, halafu mkate wenyewe unachovywa kwenye mchuzi uliotoka kwenye ile nyama. Basi. Hakuna nyanya, hakuna majani, hakuna mayonezi. Ananiambia nikiupata sawasawa ataleta ofisi yake nzima.

Nimeupenda hata kabla ya kuuonja. Sisi hapa tumekua tukichovya mkate kwenye chai, sasa kuchovya kwenye mchuzi wa nyama kuna ugeni gani? Ila kuna mambo yananizuia. Nyama ninayonunua asubuhi soko la Virunga ni nzuri, nyekundu, ng'ombe wa Masisi, lakini ukiichoma nzima inakaza mpaka taya zinauma. Sijui niombe sehemu gani ya ng'ombe, na nikishaipata niifanye nini. Furu (oveni) sina, nina mbabula mbili (majiko ya makala) na masufuria mazito. Mchuzi nautaka utoke kwenye nyama na mifupa, si wa Maggi. Na mkate tunaouziwa mtaani ni laini na una sukari, ukigusa mchuzi tu umekwisha.

Anayejua anisaidie, na asinifichie kitu. Nataka kujua na sababu, si vipimo peke yake. Aksanti sana.

Mpishi wa Himbi (Goma)

Binti yangu, umeuliza swali zuri na nitakujibu kwa urefu. Nimepika katika hoteli hapa Goma na ng'ambo kule Gisenyi, na mkate huu ni katika vyakula ninavyovipenda kwa moyo wote, kwa sababu hauna mahali pa kujificha. Nyama mbaya itaonekana. Mchuzi wa uongo utaonekana.

Nianze na ulikotoka, kwa sababu kutaamua namna utakavyouza. Los Angeles mwaka 1908 ilifunguliwa mikahawa miwili, Philippe the Original na Cole's, na kila mmoja ulidai mkate huu ulizaliwa kwake. Wa Philippe wanasimulia kwamba mwaka 1918 mwenye mkahawa, Philippe Mathieu, mhamiaji kutoka Ufaransa, aliangusha mkate ndani ya sinia lililokuwa na mchuzi wa nyama iliyochomwa, na mteja akasema nipe hivyo hivyo, kisha akarudi kutaka mwingine. Wa Cole's wanasema ulitengenezwa kwa ajili ya mteja mwenye fizi zinazouma ambaye hakuweza kutafuna ganda la mkate. Ugomvi huo tuwaachie wenyewe. Jambo la kukuhusu ni kwamba mikahawa hiyo miwili haikuandaa sawa. Kwa Philippe mkate unachovywa jikoni, unafika mezani tayari umelowa, na mteja anaweza kuomba uchovywe mara mbili. Kwa Cole's mchuzi uliletwa kando katika kibakuli, mteja akachovya mwenyewe. Kwa malewa yako nakushauri njia ya pili. Mteja wa Goma anataka kuona mchuzi wake, na mkate hautakulowea mikononi wakati wa kupanga sahani.

Sasa nyama, na hapa ndipo penye siri. Nyama yako haikazi kwa kuwa ni ya Masisi. Inakaza kwa kuwa ni ya leo. Ng'ombe anachinjwa alfajiri, saa mbili asubuhi uko sokoni, saa nne iko motoni. Saa chache baada ya kuchinjwa misuli yote hujifunga na kuwa migumu, na ugumu huo hufika kileleni katika siku ya kwanza. Ukiipika wakati huo, hata moto wa namna gani hautailainisha. Ukiiacha kwenye baridi siku tatu au nne, vimeng'enya vilivyomo ndani ya nyama yenyewe huanza kuzilegeza nyuzi, na ladha pia inakomaa. Ulaya wanaining'iniza wiki kadhaa katika vyumba maalumu; sisi siku tatu au nne zinatosha kukuonyesha tofauti ambayo hutaisahau.

Lakini usiikimbize kwenye firigo ingali na joto la mnyama. Misuli ikipigwa na baridi kali kabla haijamaliza kujifunga hukunjamana na kuwa migumu zaidi, na huo ugumu hauondoki tena. Kwa hiyo usinunue ile inayofuka mvuke. Mwombe muuza nyama mwenye chumba cha baridi akuuzie kipande cha jana, kikiwa kizima, hakijakatwa katwa. Ukifika nyumbani kifute kwa kitambaa safi mpaka kikauke, usikioshe, kisha kiweke firigo bila kukifunga kwenye plastiki, juu ya kitu kinachoruhusu hewa kupita chini. Kama umeme wa mtaa wenu unakatika usiku kucha, usijaribu hili nyumbani. Mlipe mwenye chumba cha baridi akuhifadhie.

Sehemu ya kuomba ni paja la nyuma, upande wa ndani, bila mfupa. Ni mnofu mkubwa, nyuzi zake zote zinaelekea upande mmoja, na hilo litakusaidia wakati wa kukata. Filé usinunue, ni pesa bure kwa mkate huu. Chukua kilo moja na nusu hadi mbili katika kipande kimoja. Omba na mafuta ya figo, yale meupe makavu, na kilo mbili za mifupa: ya goti, na ya goko yenye uboho. Mifupa wengi wanaitupia mbwa, hapa ndiyo mchuzi wako.

Jioni ya kuamkia siku ya kupika, paka chumvi: gramu 12 kwa kila kilo ya nyama, yaani kama vijiko viwili vya chai vya chumvi laini, vilivyosawazishwa. Pilipili manga na kitunguu saumu kilichopondwa ongeza ukipenda. Chumvi itatoa maji kwanza, halafu maji hayo yatarudi ndani na chumvi yake, na asubuhi utaikuta nyama imekauka juu. Ndivyo tunavyotaka, maana nyama yenye maji juu haipati rangi, inachemka tu.

Furu huna, na hilo halikuzuii kitu. Chukua sufuria nzito yenye mfuniko wa chuma, ile unayoweza kuokea keki. Yeyusha mafuta ya figo, geuza nyama pande zote mpaka iwe kahawia iliyokolea, ukiiacha itulie kila upande dakika mbili tatu bila kuichokonoa. Itoe. Chini ya sufuria kutabaki ukoko wa kahawia. Usiukwangue na usiuoshe! Huo ukoko ndio roho ya mchuzi, tutaurudia.

Tandaza vitunguu vilivyokatwa nusu chini ya sufuria na uiketishe nyama juu yake, isiguse chuma. Funika. Ondoa sehemu kubwa ya makala chini, acha machache tu, na mengine yapange juu ya mfuniko. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Wengine hapa Goma hutia mawe ya volkano ndani ya sufuria kubwa ili kuinua ile ndogo. Mawe hayo yana matundu yanayonywa maji, na jiwe lenye maji likipata moto linaweza kupasuka. Tumia mchanga mkavu au vifuniko vya chuma.

Kipande cha kilo moja na nusu huchukua kama saa moja hadi saa moja na nusu, ila makala hayafanani, mengine ni ya mti mgumu na mengine yanaisha kama karatasi. Nunua kipimajoto cha nyama. Ni kitu kidogo na kitakuokolea nyama nyingi. Kichomeke katikati kabisa. Kikifika nyuzi 60, toa nyama, ifunike, iache itulie dakika 20. Joto litaendelea kupanda lenyewe hadi kama 63. Katikati itabaki na wekundu mwepesi wa waridi, lakini si mbichi.

Kisha, na hapa wengi hukosa subira, usiikate. Iache ipoe, iingie firigo saa kadhaa au usiku mzima. Mashine ya kukata kama ya mikahawa huna, na nyama ya moto huwezi kuikata nyembamba kwa kisu hata kiwe kikali namna gani, itachanika tu. Nyama baridi imeshikana, kisu kinapita. Tazama nyuzi zinaelekea wapi, kata kwa kuzikingama, nyembamba kiasi kwamba ukiinua kipande kwenye mwanga unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Ukikata kwa kufuata nyuzi, umeharibu kazi ya siku nne.

Sasa mchuzi. Mifupa ichome juu ya makala, ukiigeuza, mpaka iwe kahawia. Usiache iungue nyeusi, ikiungua mchuzi wote utakuwa mchungu. Itie kwenye sufuria kubwa, funika kwa maji baridi, kama lita nne, na moto mdogo. Povu likipanda liondoe. Povu likiisha ndipo utie vitunguu viwili vilivyochomwa upande mmoja mpaka vikakaribia weusi, karoti, jani la seleri, punje chache za pilipili manga. Chumvi usitie sasa. Uache uchemke polepole, kiputo kimoja hapa, kiputo kimoja pale, saa tano au sita. Goma tuko mita kama 1,500 juu ya bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi kama 95 tu, kwa hiyo ukisoma mahali wameandika saa nne, sisi tuongeze.

Chuja. Rudisha ile sufuria yenye ukoko motoni pamoja na vitunguu vilivyolala chini ya nyama, mimina vikombe viwili vya supu, kwangua kwa mwiko wa mbao mpaka chini pawe safi. Changanya na supu iliyobaki, pamoja na maji yote yaliyotoka nyama ilipokuwa inatulia, kisha chemsha bila kufunika mpaka ipungue karibu nusu. Sasa ndipo uonje na kutia chumvi. Mafuta yaliyoelea yaondoe, lakini acha macho machache. Unga wa ngano au wa muhogo usitie hata kijiko. Mchuzi huu ni mwepesi, unapita ndani ya mkate. Ukiufanya mzito utakaa juu ya ganda na mkate utabaki mkavu ndani.

Wakati wa kuuza, mchuzi uwe moto sana lakini usichemke. Shika vipande vya nyama kwa uma, vizamishe kwa pumzi moja au mbili, toa, rundika kwenye mkate. Ukiviacha vichemke humo vitakaza tena na kazi yote itakuwa bure. Hilo nakuomba ulishike kuliko yote niliyosema.

Mkate nawaachia wanaoujua kuliko mimi.

Mama Mkate wa Kadutu (Bukavu)

Papa wa Himbi ameongea vizuri, na mkate nitausemea mimi maana ndio kazi yangu.

Dada, mkate laini unayeyuka kwa sababu una sukari, mafuta na maziwa. Ndani yake ni pamba. Unaotaka wewe hauna sukari wala siagi. Ni unga, maji, chumvi na hamira peke yake. Gramu 500 za unga wa ngano, gramu 320 za maji, gramu 10 za chumvi, gramu 5 za hamira kavu. Utatoa mikate sita ya urefu wa kiganja na vidole. Unga wa huku kwetu unabadilika kutoka gunia hadi gunia, kwa hiyo shika maji kidogo pembeni, uyaongeze ukiona unga unayataka.

Kanda dakika kumi kamili. Si kwa kuubembeleza. Sukuma kwa kiganja, kunja, geuza. Ukivuta kipande kidogo kwa vidole kitanuke kama utando bila kuchanika haraka. Funika. Huku juu milimani, joto likiwa sawa, unga unaumuka haraka kuliko pwani, usiangalie saa, angalia unga: ukiongezeka mara mbili, umefika. Ukiuacha upite hapo unakuwa na harufu ya pombe na ganda halishiki rangi. Mimi napenda kuupunguzia hamira na kuuacha usiku kucha mahali pa baridi, asubuhi una ladha ya mkate kweli.

Gawa, viringisha kwa kubana, acha uumuke tena kama dakika 40. Chanja juu kwa wembe, mara moja, kwa urefu. Kama kuna furu ya umeme au ya kuni kwa jirani, ombeni, iwe moto wa nyuzi 220, weka bati la maji yanayochemka chini, oka dakika 18 hadi 20. Mvuke wa mwanzo ndio unaolipa ganda nafasi ya kupanuka kabla halijakauka. Kwa sufuria na makala inawezekana pia: pasha sufuria tupu kwanza mpaka iwe moto sana, weka mikate, nyunyiza maji vijiko viwili pembeni, funika upesi, makala mengi juu. Dakika kumi za mwisho fungua kidogo, mvuke utoke. Ukisahau kuutoa, ganda litalegea.

Na usiutumie ukiwa wa moto. Mkate wa jana unafaa zaidi, ndani umekaza kidogo na unakunywa mchuzi bila kuvunjika. Kabla ya kuupanga ukate kwa urefu lakini usiutenganishe, uuweke kifudifudi juu ya makala dakika moja, upande wa ndani upate rangi.

Mutoto wa Katuba (Lubumbashi)

Jambo papa, jambo mama, jambo dada. Kwa heshima yote kwa papa wa Himbi, mimi wekundu ndani ya nyama ya ng'ombe sikubaliani nao. Huku kwetu mtu akiona rangi ya waridi anarudisha sahani. Na si ushamba, kuna sababu: tegu anapatikana kwenye nyama ya ng'ombe isiyoiva, na si kila nyama inayofika sokoni imepita mkononi mwa daktari wa mifugo.

Mimi ningechukua bega au kifua, sehemu zenye mishipa na utando, nikaigeuza kwenye mafuta kama papa alivyosema, kisha nikaifunika ndani ya supu ile ile ya mifupa kwa moto mdogo saa tatu au nne mpaka ikaachana yenyewe kwa uma. Ule utando mgumu unayeyuka na kuwa ute, na mchuzi unanata midomoni. Haina haja ya kipimajoto, haina haja ya firigo siku nne, wala kisu kikali. Mwenye mbabula moja na sufuria moja anaiweza. Nimewapikia watu wa mtaa, wamekula na mkate, wengine wakaomba na bukari.

Mpishi wa Himbi (Goma)

Mwanangu wa Katuba, aksanti kwa kulisema hilo la tegu, ni jambo la kweli na dada lazima alijue. Nitaliongezea. Nyuzi 63 katikati ya kipande kizima, na kukiacha kitulie, ndicho kipimo ambacho wakaguzi wa chakula wa Marekani wanakipendekeza kwa nyama ya ng'ombe isiyosagwa, na vifuko vya tegu havivuki hapo. Ndiyo sababu sikumwambia atoe kwenye 52 kama wanavyofanya mikahawa mingi ya nje. Mwenye firigo la kugandisha anaweza pia kuigandisha nyama kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, au baridi zaidi, kwa siku kumi kabla ya kuipika, vifuko hivyo hufa. Na anunue nyama yenye muhuri wa ukaguzi. Hata akiipika njia yako, asikubali nyama isiyo na muhuri.

Mapishi yako ya bega ni matamu, nayaheshimu. Ila ni mkate mwingine. Nyama iliyochemka ndani ya supu imeshaipa supu ladha yake yote. Ukiuma, unakula ladha moja mara mbili. Nyama iliyochomwa kavu inabaki na utamu wake wa moto, mchuzi unabaki na wake wa mifupa, na vinakutana mdomoni. Yule kaka wa Los Angeles akiletewa nyama ya kuchambuka atasema ni nzuri, lakini hatasema ndiyo.

Dada, kama wateja wako wengine wanaogopa wekundu, kata vile vipande vya pembeni, vimeiva zaidi, wape hao. Na kumbuka kipande chochote chembamba kikizamishwa kwenye mchuzi wa moto, wekundu unapotea machoni pao.

Malewa ya Katindo (Goma)

Nimesoma yote, na nimemsomea dada yangu mdogo tunayeuza naye. Leo mchana nimekwenda kwa muuza nyama mwenye chumba cha baridi, amekubali kuniwekea paja zima mpaka siku ya nne, na mifupa ameniongezea juu. Mama wa Kadutu, unga nitauanza usiku kama ulivyosema.

Papa, nina maswali mengine. Fromaji (jibini) ya Masisi niitie au nitakuwa nimeharibu? Yule kaka alisema pia kuna haradali kali inayotoa machozi, hapa natoa wapi? Na nikitaka kuuza watu ishirini, ninunue nyama kiasi gani, na mchuzi nitautunzaje moto tangu saa sita hadi saa nane bila kuupoteza?

Mpishi wa Himbi (Goma)

Fromaji ya Masisi itie bila hofu. Kule Los Angeles pia mteja akitaka fromaji anaongezewa. Yetu inayeyuka vizuri na ina chumvi ya kutosha; chagua gurudumu bichi kidogo, lile lililokauka sana linatoa mafuta badala ya kuyeyuka. Kata nyembamba, iweke upande wa juu wa mkate ungali na joto la makala, halafu nyama iliyotoka kwenye mchuzi iifunike. Ila muuzie kwa bei yake mwenye kuitaka. Mkate wa kwanza kwa yule kaka upeleke bila fromaji, aonje nyama.

Haradali: punje zake zinapatikana kwenye maduka ya Wahindi mjini. Saga vijiko vinne, loweka kwa maji baridi, baridi kweli, acha dakika kumi na tano. Ukali haumo kwenye punje nzima, unaamka maji yanapokutana na unga wake, na maji ya moto yanauua kabla haujaamka. Ukiona inakupanda puani, ndipo utie siki na chumvi, ukali utasimama hapo hapo. Ipake kidogo kwenye mkate. Pilipili yetu iweke mezani kando, usiichanganye na mchuzi, maana asiyeitaka utakuwa umemnyima mchuzi wote.

Kwa watu ishirini: kilo moja ya paja ukishaichoma inabaki kama robo tatu, na mkate mmoja unataka gramu 100 hivi za nyama iliyokatwa. Nunua kilo tatu, katika vipande viwili, si kimoja, viive sawasawa. Mchuzi hesabu nusu kikombe cha chai kwa kila mtu, na wengine wataomba tena, kwa hiyo uwe na lita tatu zilizokwisha kupunguzwa. Mifupa iwe kilo nne, na maji uongeze kwa kadiri hiyo.

Kuutunza: sufuria ya mchuzi iketishe ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya moto, juu ya makala machache. Uwe unafuka bila kuchemka, na usishuke chini ya nyuzi 60, hapo chini ndipo vijidudu huzaliana. Ukipungua na kuwa na chumvi nyingi, ongeza supu isiyotiwa chumvi uliyoiweka pembeni. Maji matupu usiongeze. Nyama iliyokatwa ibaki firigo au kwenye sanduku lenye barafu, utoe kidogo kidogo kadiri wateja wanavyofika. Mchuzi ulioguswa na mkate wa mteja mwage. Uliobaki sufuriani saa nane, chemsha mpaka utokote, upoze haraka kwa kuketisha sufuria ndani ya maji baridi, ugandishe. Wiki ijayo utaanzia hapo badala ya maji, na utakuwa mzuri zaidi.